Jina Lililotupwa Salamabila

Mimi nauza nyimbo. Mtu ananiletea simu au kadi ndogo ya kumbukumbu, namjazia muziki kutoka kwenye kompyuta yangu, anaondoka. Meza yangu iko kando ya soko la Kasongo, kati ya fundi viatu na mwanamke anayekaanga mikate, na paneli yangu ya jua iko juu ya bati la watu, kwa hisani yao. Zamani nilipiga gitaa. Baridi yabisi imeniua vidole, ikaniachia masikio, na hayo masikio ndiyo yananitesa, maana kutwa nzima nasikiliza nyimbo za siku hizi.

Nyimbo za siku hizi zina majina mengi kuliko maneno. Wanamuziki wetu wanaita kutupa libanga. Wimbo uko katikati, gitaa linakwenda vizuri, mara mwimbaji anaacha habari za mapenzi na kumtaja mtu. Fulani wa duka la simenti! Fulani mwenye pikipiki tatu! Mwenye jina amelipa, au anategemewa kulipa, na mtu mzima na ndevu zake anajiona amezaliwa upya. Nawaambia wateja kwamba huo si muziki, ni mwalimu anaita wanafunzi asubuhi. Wananicheka.

"Papa Hippolyte, ni wivu tu. Weye hakuna mutu amekutupa hata siku moja."

Ni kweli, hakuna.

Katika mji huu aliyejua kutupa majina kuliko wote alikuwa Faridah. Ni mwanamke wa zile familia za Kiislamu za mjini, za watu wa duka na msala, ambao bibi zao waliimba kwenye arusi na dufu mkononi. Mchana alishona nguo. Siku za arusi aliimba katika kikundi cha mwanamke anayeitwa Soraya, na kusema haki, mimi ninayelalamika kuhusu majina nilikuwa nasogeza kiti ninaposikia yeye anayataja. Hakuyapiga kelele. Aliyaweka ndani ya wimbo kama mtu anayeweka yai kwenye kikapu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, hana mtoto, na alikaa peke yake katika chumba cha kupanga nyuma ya soko, na ufunguo wake mwenyewe shingoni. Mtu wa mji mkubwa ataniuliza ufunguo una habari gani. Huyo hajawahi kuishi katika ua wa wakwe, ambako hata ukikohoa kuna mtu anahesabu umekohoa mara ngapi.

Ufunguo ule aliupata kwa msiba. Mumewe, Zuberi, alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu, miaka saba imepita sasa. Miaka mitatu ya kwanza hakuleta salamu. Kisha wakarudi watu waliosema shimo limewaangukia watu saba, na Zuberi ni mmoja wao. Maiti haikupatikana. Wakasoma hitima bila kaburi. Faridah akakaa eda miezi minne na siku kumi katika ua wa wakwe, na wimbo haukutoka kinywani mwake muda wote huo. Alipomaliza, alioga, akavaa kitenge kipya, akaaga kwa heshima zote, akaenda kupanga chumba. Wiki iliyofuata alikuwa mbele ya dufu.

Shemeji yake, Kamaldine, mdogo wa Zuberi, muuza sabuni na vitenge, hakupenda. Si mtu mbaya. Anasali, anasaidia watu, anaazima mizani yake. Lakini mjane anayeondoka uani na kuimba hadharani alikuwa kama mfupa kooni mwake, na kwa kuwa sheria haikumpa neno la kusema, alinyamaza miaka mitatu.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, dereva mmoja aliniletea kadi yenye nyimbo mpya za orkestra moja ya Salamabila. Faridah alikuwa amesimama mezani kwangu, kipande cha mkate mkononi, maana alipenda kusikia nyimbo mpya kabla ya wengine ili aibe sauti zake. Mimi kwa ujinga wangu nikaitia kwenye spika kubwa, soko zima lisikie. Katika wimbo wa tatu, gitaa lilipopanda, mwimbaji akaita:

"Zuberi mwana wa Nuru! Kashoto wa Kasongo! Salamabila inakujua!"

Nuru ni jina la mama yake Zuberi. Kashoto ndivyo walivyomwita tangu mtoto, kwa sababu alikuwa wa mkono wa kushoto.

"Rudisha," alisema Faridah.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya pili hata mwanamke wa mikate alikuwa ameacha kugeuza mikate. Hapo ningezima spika, lakini sikuizima, na jambo hilo najilaumu nalo mpaka leo. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika mbali: Zuberi yuko hai, ametupwa Salamabila. Watu wa hapa hatukuwa na namna nyingine ya kulielewa. Libanga ni kitu cha mtu aliye hai. Maiti analipaje? Na nani atamchekea mwimbaji na kunyanyua chupa? Mji mzima, wasomi na wasiosoma, tuliamini hivyo, na mimi nikiwemo.

Kamaldine alikuja mwenyewe mezani kwangu. Alisikiliza mara mbili, akaniambia nimtilie kwenye simu yake. Kisha akamfuata Faridah pale pale penye cherehani yake, na nilisikia yote kwa sababu ni hatua kumi.

"Shemeji, kama kaka iko muzima, weye ungali muke yake. Muke ya mutu haiimbi mbele ya wanaume ya watu. Rudi nyumbani."

"Miaka sita hakutuma hata salamu," alisema Faridah. "Asiyekuwapo na lake halipo."

"Lisemwalo lipo."

"Basi muniletee mwenyewe, nimuone."

"Weye mwenyewe unataka kuwa mujane," alisema Kamaldine. "Kama alikufa, lete mutu ao lete kitu, nishike na mukono. Si maneno. Si picha ya telefone."

Hakumpiga, hakupaza sauti. Alikwenda tu kwa Soraya. Soraya naye ana watoto wake wa kuozesha na hataki ugomvi na wauza vitenge, akamwambia Faridah, "Dada, tungoje kwanza mambo yatulie." Arusi mbili zikapita bila yeye. Mwenye nyumba akaanza kuuliza kama ni vizuri mke wa mtu kukaa chumba peke yake. Ndivyo mji wetu ulivyo: unakupa nafasi ya kujificha kati ya watu wengi, na siku moja watu wote hao wanageuka na kukutazama.

Kilichomuumiza zaidi ni Bibi Nuru. Mama yule mzee, kuanzia siku ya pili, alikuja mezani kwangu kila alasiri na fimbo yake. Nilimpa kigoda. Alisema, "Tia ule wimbo." Alisikiliza mpaka jina lipite, kisha akanyanyuka na kwenda zake, hangojei mwisho. Soko lote lilimhurumia: maskini, mwana yu hai na hataki kurudi. Faridah akimwona kwa mbali alijificha nyuma ya vibanda.

Siku moja Faridah alikuja kukaa kwenye kile kigoda mwenyewe, macho mekundu.

"Papa Hippolyte, nitakuambia kitu kibaya. Siku nilisikia jina yake, sikufurahi."

"Si kosa lako," nilisema.

"Ungoje. Nilimulilia kweli, Mungu anajua. Lakini nilipotoka eda nikapumua. Na sasa yule mama anakuja kusikiliza mutoto wake, mimi ninaomba awe amekufa. Ni mutu gani anaomba hivyo?"

Nilimpa maji.

Juma lililofuata akampata Dady, kijana wa pikipiki anayejua njia ya Salamabila hata akiwa amefumba macho, wakaondoka kumtafuta Zuberi. Walipita Wamaza, wakalala huko kwa watu wa Dady, siku ya pili wakafika Salamabila, magoti yamejaa matope na mgongo umevunjika. Ninayosimulia hapa chini walinisimulia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupingana.

Salamabila kila mtu anamjua Zuberi. "Zuberi wa Kasongo? Iko kule kwenye shimo la juu." Faridah alikaa kwenye jiwe akasubiri, kitenge kimefungwa vizuri, na anasema alikuwa ameandaa maneno ya kumtukana. Alikuja mtu mfupi, kijana wa kama miaka ishirini na mitano, anafuta mikono.

"Munaniita?"

"Ninaita Zuberi."

"Njo mimi, ndimi Zuberi."

Faridah alicheka kwanza. Kisha akamtazama usoni, akaona si mume wake. Yule mtu alipoambiwa huyu ni nani, alivua kofia.

Alisimulia bila kuzungusha maneno. Kwao ni upande wa Kabambare. Walikimbia vita, karatasi zake zote zikaungua na nyumba. Alichimba pamoja na Zuberi miezi minane, walikula sahani moja. Siku ile shimo lilipoanguka, yeye alikuwa ametoka kufuata maji. Koti la Zuberi lilibaki nje juu ya mti, na mfukoni mlikuwa na kadi yake ya uchaguzi. Kwa wasioijua nchi yetu: kadi hiyo ndiyo mtu mwenyewe. Bila kadi hupiti bariere, vile vizuizi vya barabarani, na bariere ziko kila mahali, na wanaosimama pale hawana subira. Jasho na matope vilikuwa vimefuta picha. Jina lilisomeka, na jina la baba, na jina la mama: Nuru. Akaichukua. Akawa Zuberi.

"Na Kashoto?" aliuliza Faridah. "Weye unafuta na mukono wa kuume."

"Wale waliomujua waliniita hivyo kwa kucheka. Ikabaki."

"Na kwa nini ulimutupisha kwenye wimbo?"

Yule mtu aliangalia chini.

"Jina si yangu, mama. Ninakula nayo, ninapita nayo. Orchestre ilipokuja hapa, niliwapa nilichokuwa nacho, nikasema waite mwenye jina. Nilisema pengine atasikia."

Akawapeleka kwenye shimo. Limefunikwa, majani yameota juu. Faridah alisoma Fatiha, Dady ambaye ni Mkristo akafanya ishara yake ya msalaba, na yule mtu alisimama nyuma yao akishika kofia. Hapo Faridah alilia, na anasema alilia kama mke.

Kisha aliomba kadi.

Alieleza sababu: shemeji anataka kitu cha kushika mkononi, hatakubali maneno wala picha. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa kadi mfukoni, akaipangusa kwenye suruali, akaishika kidogo.

"Mimi nitapita wapi?" aliuliza.

Mara moja tu. Kisha akampa, akasema ni ya kwao Zuberi.

"Nilisikia, Papa Hippolyte," Faridah aliniambia. "Usiseme sikusikia. Nilisikia vizuri kabisa. Nikaifunga kwenye pindo ya kitenge, nikapanda pikipiki."

Waliporudi, tuliitwa uani kwa wakwe. Mimi niliitwa kwa sababu wimbo ulitokea kwangu. Kamaldine alikaa kwenye kiti, Bibi Nuru kwenye msala wake, sisi wengine kwenye mkeka. Faridah alifungua pindo, akaiweka kadi mbele ya shemeji yake, akasimulia kama nilivyosimulia. Kamaldine aliishika. Aliigeuza, akasoma jina la kaka yake, jina la baba yake, jina la mama yake. Uso wake ukawa wa mtoto. Nilimkasirikia wiki nyingi, lakini pale nilimhurumia.

"Basi, alikufa," alisema.

Wote tuligeuka kumtazama Bibi Nuru. Tulikuwa tumejiandaa kumshika.

"Munaniangalia nini?" alisema. "Nilijua alikufa."

"Mama," alisema Kamaldine, "kila siku ulikuwa unaenda sokoni kusikiliza."

"Weye uliniuliza kama ile ni jina ya kaka yako. Nikasema njo hiyo. Haukuniuliza kama iko muzima. Mimi nilimulilia, nikasomesha hitima, nikamaliza."

"Sasa ulikuwa unafuata nini kule?"

"Nilikuwa nafuata jina." Alivuta mtandio wake mbele. "Ni nani hapa ndani anaitaja? Weye unasema marehemu. Jirani wanasema yule wa shimo. Na huyu," akamwelekeza Faridah kwa kidevu, "huyu ametupa majina ya wauza simenti wote wa Kasongo. Miaka tatu anaimba. Ya mutoto wangu hajaitupa hata siku moja."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Faridah aliinamisha kichwa. Nikakumbuka arusi zote nilizosogeza kiti. Ni kweli. Wajane wengine wanaoimba huwataja waume zao, ni desturi, watu wanasubiri na wanalia kidogo kwa raha. Yeye hakuwahi, na sisi tuliompenda hatukuwahi kugundua.

Bibi Nuru alinyoosha mkono, akachukua kadi kwa Kamaldine. Hajui kusoma. Aliipapasa tu.

"Na yule aliyekuwa nayo," alisema, "sasa anapita na nini?"

Faridah alifunga tena pindo lake tupu.

"Mutoto wangu haihitaji kadi mahali aliko. Umeenda kunyang'anya mutu muzima ili kumuonesha Kamaldine maiti?"

"Mama, nilikuwa ninataka…" Faridah alianza.

"Ninajua ulikuwa unataka nini. Na mimi nilikuwa muke ya mutu, ninajua ua huu. Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Yule kijana. Jina yake mwenyewe, aliyopewa na mama yake."

Faridah alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta. Alimtazama Dady, Dady akatazama mkeka.

"Sikumuuliza," alisema.

Kamaldine, aliyekuwa bado na machozi, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, nenda nyumbani kwako. Hauna deni na sisi." Ndilo neno Faridah alilolifuata mpaka Salamabila. Alilipokea akiwa anatazama ile kadi mikononi mwa mama mkwe, na sidhani kama alilisikia.

Asubuhi iliyofuata Dady alitumwa kuirudisha. Bibi Nuru alimwambia ampe yule kijana, na amwambie alitembeze jina vizuri, asilitie katika wizi. Siku kumi na moja zilipita, mvua ya kwanza ikanyesha. Dady alirudi moja kwa moja mezani kwangu, ambako Faridah alikuwa anamsubiri kila siku, akatoa kadi mfukoni, ile ile, imefungwa ndani ya plastiki.

"Nilifika kwenye shimo la juu," alisema. "Wakaniuliza ninatafuta nani. Nikasema Zuberi. Wakasema Zuberi alizuiwa pa bariere juma lililopita, alikuwa anaenda kuuza. Walimuuliza jina, akasema. Walimuuliza karatasi, hana. Wakamuchukua."

"Wakamupeleka wapi?" aliuliza Faridah.

"Nilienda kila mahali wanafungia watu. Pote wananiuliza: unatafuta nani? Nikasema Zuberi, wanaangalia kwenye kitabu, Zuberi hayuko. Pengine alitaja jina yake ya kweli. Sasa ningeuliza jina gani, dada?"

Faridah ameanza tena kuimba. Soraya alikuja kumwita mwenyewe, na mwenye nyumba amenyamaza. Katika arusi ya kwanza Bibi Nuru alibebwa kwenye pikipiki ya Dady akaketishwa mbele. Nilirekodi. Faridah alitupa majina ya bwana arusi, ya wajomba, ya muuza simenti kama kawaida. Kisha akasema, "Zuberi mwana wa Nuru," kwa ile sauti yake ya kuweka yai, na mama yule akafumba macho. Wanawake wakapiga vigelegele. Halafu Faridah akasema, "Na yule…" akanyamaza. Dufu ziliendelea, moja, mbili, tatu, nne, mpaka Soraya akadhani amesahau maneno akadakia kibwagizo.

Rekodi hiyo inauzwa sana. Wateja wengine wananiomba nikate pale penye kimya, wanasema ni kasoro. Nimekataa, na mmoja nimemfukuza mezani.

Nyimbo mpya zikifika kutoka Salamabila, Faridah anakuja wa kwanza. Anavuta kigoda, anasikiliza kila wimbo mpaka mwisho, majina yote, hata ya watu wa mwisho wanaotajwa haraka haraka gitaa likiwa linakufa. Ananiambia nirudishe, narudisha. Anasikiliza tena, na hajui anasubiri jina gani.